Ujumbe Ambao Baba Mdogo Hakuurudisha

Moshi wa risasi ya kuungia inayoyeyushwa juu ya waya una harufu ya utomvu wa mti uliochanganyika na sarafu iliyokaa mdomoni. Fundi wa simu aliye nje ya geti la chuo chetu huupunga kwa kiganja, kama mtu anayefukuza nzi asiyemchukia sana, na kila ninapopita hapo kwenda maktaba najikuta nimerudi Ifakara, Viwanja Sitini, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba yangu mdogo, Fulgensi. Tumemzika hivi karibuni. Na kwa kuwa nimekusudia kuandika kwa usahihi, niseme mapema kwamba sikumpenda.

Nasema hivyo ili msomaji asikae akisubiri nigeuke. Msibani kila mtu alimpenda. Walimpenda watu waliokuwa wakivuka barabara ili wasikutane naye, na walimpenda watu waliomwita Ova mbele ya watoto aliowalea. Palikuwa na fulana zilizochapwa sura yake, sura ambayo haikuwahi kutabasamu na ambayo mchapaji, kwa wema usioombwa, aliipindisha midomo kidogo. Nilizitazama fulana zile na nikahisi kitu ambacho sina budi kukiita kwa jina lake: dharau. Haikuwa dharau mpya. Ilikuwa na umri wa utoto wangu.

Baba mdogo alikuwa na leseni ya redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, bali mtambo wa kuzungumza, wa watu wanaotafutana hewani bila ujira na, kwa kadiri nilivyoona mimi, bila sababu. Walipopatana, waliambiana kwamba wanasikika vizuri, kila mmoja akifunga zamu yake kwa neno “ova”. Kisha wakaambiana hali ya hewa. Kisha wakaagana kwa adabu nyingi, kama mabalozi. Ujanani alikuwa mtu wa mawasiliano katika stesheni ya reli upande wa Chita. Wenzake walipostaafu walirudi na baiskeli, yeye alirudi na tabia. Mto ulipofurika na minara ya simu kunyamaza, yeye ndiye aliyepeleka na kupokea habari za bondeni, kwa kujitolea. Kazi hiyo ilikuja mara chache. Tabia ilikuwepo kila siku.

Baba yangu mzazi alifariki nikiwa sijaanza shule, na baba mdogo akatupa mimi, mama na mdogo wangu Deo vyumba viwili vya nyuma. Waya wa antena ulipita juu ya ua wetu, kutoka kwenye mwanzi mrefu uliofungwa kando ya choo hadi kwenye paa. Siku moja mama aliuanikia nguo. Baba mdogo alitoka nje, akasimama chini ya nguo zile, akasema kwa sauti yake bapa kwamba kuna mtu wa nchi ya mbali amepotea katikati ya sentensi kwa sababu ya kanga.

“Basi shemeji, mwambie pole,” mama alimjibu bila kuinuka kwenye karai. “Ikikauka atarudi.”

Mama alikuwa mtu pekee aliyeweza kumjibu hivyo. Sisi wengine tuliishi chini ya sheria. Ujumbe wowote, hata wa chumvi, ulikuwa na sehemu zake: nani, wapi, hali gani. Aliyeupokea alitakiwa kuurudisha neno kwa neno kwa aliyeutoa kabla ya kuinua mguu. “Usiporudishwa haujapokewa,” alisema, na alisema hivyo kwa mtoto mwenye njaa, kwa padri aliyekuja kubariki nyumba, kwa mwanamke aliyekuja kumwambia mbuzi wake yumo kwenye mahindi. Mbuzi aliendelea kula huku mwanamke akiambiwa arudie.

Nilipotumwa dukani, mwenye duka, Mzee Salim, ambaye wazee wake walitoka pwani na ambaye hakuwahi kuona sababu ya kusema neno moja pale ambapo manne yangetosha, alinisubiri kwa hamu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Haya, leta taarifa ya kituo.”

“Chumvi, kiberiti, sabuni ya mche.”

“Nimekupata, bibie, nimekupata. Mwambie Ova chumvi imeondoka, kiberiti kinafuatia, na sabuni ipo njiani inshallah. Ova.”

Vijana waliokaa kwenye benchi walicheka mpaka wakapigana mabega. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshikilia chumvi kama ushahidi wa aibu. Nilimdharau Mzee Salim kwa kunicheka, na nilimdharau zaidi baba mdogo kwa kustahili kuchekwa. Mtoto hana dharau ya jumla. Anaipima na kuigawa.

Yupo mtu wa tatu, na kwake sikuhitaji kupima. Aliitwa Kandidi. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mwenye kipaza sauti cha mkononi chenye king'ora ndani yake, na wakati wa mafuriko alijiteua kuwa mwenyekiti wa kamati ya maafa ya mtaa, kamati ambayo sikuwahi kumwona mjumbe wake mwingine. Kandidi aliamini kwamba mkusanyiko wowote wa watu ni harusi iliyochelewa kuanza.

Mwaka ninaousimulia, masika yalikuwa marefu na mpunga ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa. Kama wanawake wengi wa mjini kwetu, mama alikuwa amehamia shamba huko Michenga kulinda ndege, akikaa kwenye dungu, lile jukwaa la miti lenye paa la nyasi, na Deo mgongoni. Mimi niliachwa kwa sababu ya shule. Mvua ilinyesha milimani siku nyingi mfululizo, na mto ukafanya kile unachofanya: haukuja kama ukuta, ulikuja kama mgeni anayesogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka unagundua amekaa kwenye chako. Kisha mnara wa simu ukazimika. Kuanzia hapo hatukuwa na habari ya mama.

Baba mdogo alikuwa amempa rafiki yake Patrisi, mlinzi wa shule huko Michenga, redio ndogo na betri ya gari. Redio mbili hizo ndizo zilizokuwa mawasiliano yote kati yetu na wao. Ua wetu ukajaa watu. Walileta mikeka, walileta watoto, walileta maoni. Chumba cha mbele kilinuka risasi iliyochomwa, kwa kuwa kiungo kimoja cha waya kilikuwa kimekatika na baba mdogo alikuwa amekiunga asubuhi ile, na mimi niliketi sakafuni chini ya meza nikitazama visigino vyake vilivyopasuka. Hakuniambia maneno ya kunituliza. Alisema tu, “Kaa hapo. Jina la mama yako likija, utalisikia pamoja nami.” Nilitaka kushikwa mkono. Nilipewa nafasi ya kusikiliza.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu halihitaji. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo hubaki kanisani. Mama alibatizwa Gaudensia, lakini mjini hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Mama Neema, kwa sababu yangu. Huko shambani, ambako majirani wengi ni wageni waliokuja na mifugo au waliokodi ekari kwa msimu, walimwona na mtoto mmoja tu, yule wa mgongoni. Kwao alikuwa Mama Deo. Na Deo katika bonde letu la Wakatoliki ni wengi: ukirusha jiwe uani mwa kanisa baada ya misa litampata Deo, na likidunda litampata mwingine.

Adhuhuri Patrisi aliita. Sauti yake ilikuja na mkwaruzo, kama mtu anayeongea huku anatembea juu ya majani makavu. Alisema watu wamefikishwa shuleni kwa mitumbwi. Akaanza kutaja. Alipotaja “Mama Deo yupo, na mtoto wake, wazima,” Kandidi, aliyekuwa ameegemea mlangoni, hakusubiri jina linalofuata. Alitoka. Nikasikia king'ora kikilia mara moja, kile cha kumwita bwana harusi, kisha sauti yake: Mama Neema amepatikana, yeye na mtoto, wazima, tumshukuru Mungu kwa vigelegele.

Vigelegele vilipigwa. Nilitoka mbio chini ya meza na kuingia katikati ya nguo za wanawake. Mzee Salim alikuwa tayari ametuma paketi za biskuti za tangawizi kutoka dukani, na mtu akaniwekea moja mkononi, na nikaila. Nimeila biskuti ile mara nyingi tangu siku hiyo bila kuigusa. Ilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kula, na sijaisamehe.

Baba mdogo alisimama mlangoni, vipokea sauti vikiwa vimening'inia shingoni.

“Sijathibitisha,” alisema.

“Ova, tuache leo,” Kandidi alisema, kipaza sauti kikiwa bado kimewashwa. “Watu wamelia vya kutosha.”

“Hajataja jina.”

“Ametaja. Nimesikia mimi kwa masikio haya niliyopewa na mama yangu.”

“Ametaja jina la mtoto.”

“Sasa ulitaka mama wa watu atoke majini na cheti cha ubatizo mdomoni?”

Ua wote ulicheka. Hata mimi nilicheka, biskuti ikiwa mdomoni, kwa ule uhuru mtamu wa kuwa upande wa wengi. Baba mdogo alinitazama mimi, si wao. “Neema,” alisema, “habari hii bado iko hewani. Haijafika chini.” Kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Nilidhani anatuonea wivu.

Yaliyofuata niliyajua kwa sababu, baada ya muda, nilirudi ndani. Nje walikuwa wameanza kuimba na hakuna aliyenihitaji tena. Nilimkuta akimwambia Patrisi amwulize mwanamke yule jina alilobatizwa na jina la baba yake. Patrisi alilalamika kwamba maji yamefika kwenye ngazi za darasa na yeye anaambiwa akaulize ukoo. Alikwenda hata hivyo. Aliporudi hewani alisema mwanamke anaitwa Agripina. Deo wake tayari alikuwa anasoma.

Baba mdogo alisema, “Endelea kumtafuta Gaudensia. Ana alama ya moto mkono wa kushoto. Mtoto wake hajaanza kutembea vizuri.” Alisema kama anaagiza chumvi.

Alitoka kuwaeleza watu. Walimsikia, na hawakumpokea. Hakuna anayependa kurudisha vigelegele alivyokwisha kupiga. Kandidi alisema kwa hekima kubwa kwamba huenda Patrisi amechanganya, hali yenyewe si unaijua. Jambo baya zaidi lilikuwa limekwisha kutokea. Binamu wawili wa mama walikuwa wamesubiri na mtumbwi wao ukingoni mwa maji, tayari kwenda upande wa shamba letu. Waliposikia king'ora walifurahi, wakaukodisha moyo wao wa huruma mahali pengine: walikwenda kuokoa magodoro ya mtu. Walipopatikana na kuambiwa, jua lilikuwa limeinama.

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Wasimamizi wa tasnifu yangu wameniandikia hivyo pembeni mwa kurasa, kwa upole. Nimejaribu kuipima ile tofauti, kati ya mtumbwi uliokwenda na ule ambao ungekwenda, na kila mara nimefika kwenye ukuta uleule. Huenda mama alikuwa amekwisha kuchukuliwa asubuhi. Huenda hakuwa. Usahihi wote nilionao hauwezi kunipa jibu, na sitajipa moja kwa ajili ya kupata usingizi. Ninachojua ni kwamba Kandidi hajawahi kujiuliza swali hilo hata mara moja.

Deo alipatikana siku iliyofuata, asubuhi, juu ya dungu, amefungwa kwenye mhimili kwa kanga ya mama, kwa fundo ambalo waliomkuta walilazimika kulikata. Alikuwa amelia hadi sauti ikaisha. Mama hakuwepo.

Habari ya mama ilikuja mchana wake. Watu walikuwa wamepungua uani. Wale waliokuja kwa ajili ya harusi walikuwa wamekwenda. Nilikuwa pale pale chini ya meza.

“Fulgensi,” Patrisi alisema. Hakutumia utaratibu wowote. “Gaudensia amepatikana kwenye matete, chini ya kivuko. Alama ya mkono ipo. Amefariki.”

“Rudia,” alisema baba mdogo.

Patrisi alirudia.

“Rudia.”

“Mzee, umenisikia.”

“Rudia jina.”

“Gaudensia, kaka yangu. Ni yeye.”

Mkwaruzo haukuwepo siku ile. Mbingu zilikuwa zimefunguka na sauti ya Patrisi ilisikika kama yumo chumbani. Mtu mwenye masikio mabovu angesikia mara ya kwanza. Na yeye alikaa pale akimfanya rafiki yake aseme tena na tena kwamba mama yangu amekufa, kana kwamba ni orodha ya dukani, na mimi nikiwa miguuni pake nikilazimika kusikia kila mara. Ndipo dharau yangu ilipopata umbo lake la kudumu. Baada ya hapo alizima redio. Alitoka, akawaambia waliokuwepo: Gaudensia, Michenga, amefariki, nimethibitisha. Akarudi, akachukua kitambaa na kusugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa.

Mzee Salim alilia, na alilia kweli, ameketi kwenye ngazi zetu na kofia mkononi. Kandidi naye alilia. Alilia huku kipaza sauti kikiwa kimewashwa, kwa hiyo Viwanja Sitini yote ilijua.

Baba mdogo alitulea mimi na Deo hadi tukawa watu wazima. Hakuwahi kuizungumzia siku ile. Tulirudisha ujumbe wa chumvi, wa ada, wa matokeo ya mitihani. Nilipofaulu kuendelea na masomo ya uzamili, nilimpigia simu, naye akaniambia nirudie jina la kozi. Nilirudia. “Nimepokea,” alisema, na akakata.

Mshereheshaji wa mazishi yake alikuwa Kandidi. Amenenepa na kipaza sauti chake sasa hakina waya. Alisema marehemu alikuwa sauti iliyookoa bonde. Alisema, akigusa kifua, kwamba wakati wa mafuriko yale makubwa “mimi na Fulgensi tulikaa pamoja kwenye mtambo, bega kwa bega.” Nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, na nilimtazama kwa utulivu wa mtu anayetazama sahani chafu. Kumsahihisha Kandidi ni kumpa nafasi ya kuongea tena.

Waliosema kweli walikuwa watani. Watani wetu Wangoni walifika na fujo zao za desturi, na mmoja wao, mama mnene aliyevaa shati la marehemu kinyumenyume, alikaa kando ya kaburi na gunzi la mahindi mdomoni kama kipaza sauti.

“Fulgensi, Fulgensi, hapa Songea. Unanipata?” Akatega sikio kwenye udongo. “Hajibu. Fulgensi, jeneza limefika, rudia. Rudia, wewe baba. Usiporudia hatukufukii.” Akatugeukia. “Jamani huyu kazoea kututesa sisi. Leo ngoja naye ateswe.”

Watu walicheka na machozi yakawatoka, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona pale, yeye mwenyewe, na midomo yake isiyopinda.

Baadaye, wakati wa chakula, mzee mmoja mwenye fimbo alikuja kuketi karibu nami. Nilimwamkia. Aliitikia, na niliijua sauti kabla ya sura, ilikuwa Patrisi.

“Wewe ndiye Neema,” alisema. “Ulikuwa chini ya meza.”

“Alikuambia?”

“Aliniambia. Miaka hiyo, si juzi.” Alitafuna polepole. “Kuna kitu nataka nikuulize, maana wewe umesoma. Baba yako mdogo alinifundisha redio kwa kunitukana. Kila neno, rudisha. Hata nikisema naenda kujisaidia, rudisha. Lakini ujumbe wa mama yako hakunirudishia. Alisema rudia, rudia, kisha kimya. Nilikaa nasubiri anirudishie, ili niseme sahihi, tufunge. Nilisubiri mpaka betri ikafa.”

“Hakusema baadaye?”

“Tuliongea miaka yote. Mvua, samaki, bei ya mpunga. Ule hakurudisha. Sasa kwa sheria yake mwenyewe ule ujumbe umepokewa, au haujapokewa?”

Nilikuwa nikifikiria simu ya Deo. Ilinikuta pale kwa fundi wa nje ya geti, mchana mweupe, moshi wa risasi ukipanda kati yetu. “Dada, baba mdogo, hospitali, amefariki,” Deo alisema. Nani, wapi, hali gani; amelelewa nyumba ileile. Mtandao ulikuwa safi kama maji ya mtungi. Nami nilisema, “Rudia.” Alirudia. Nikasema, “Rudia jina.” Fundi aliinua uso na kunitazama. Deo alitaja jina, kisha akanyamaza akingoja zamu yangu, kama tulivyofundishwa, na mimi nikakata simu.

Bado sisemi nilimpenda. Mtu aliyeshindwa kumshika mkono mtoto aliyeketi miguuni pake ameshindwa jambo dogo sana, na siwezi kulifanya kubwa kwa sababu amekufa. Lakini kwa miaka mingi nilikuwa nimeidharau “rudia” ile nikidhani najua inauliza nini. Nilimwacha Patrisi na sahani yake.

Deo alikuwa nyuma ya turubai akipanga viti vya plastiki, kimoja ndani ya kingine.

“Fulgensi,” nilimwambia. “Hospitali. Amefariki.”

Alisimama na kiti mkononi. Kisha akakishusha juu ya vingine.

“Sahihi,” alisema.